Injini ya boksi ya CG200 ndani ya fremu ya bodaboda: inafaa kwa nakala ya pikipiki ya mashindano ya zamani?

Hukumu iwe mwanzoni, asiye na muda asome hapa tu. Ukitaka kutengeneza nakala ya pikipiki ya mashindano ya miaka ya 1950 na 1960 ukiwa Dodoma, injini ya kununua ni CG200 mpya, ile inayouzwa ndani ya boksi kwenye maduka ya spea za bodaboda. Mbio haina. Ila imesimama wima, ina silinda moja, inapozwa kwa hewa, haina cheni ya taimingi, na gasketi zake zipo Majengo, Sabasaba na hata Kibaigwa. Fedha nyingi hazipotelei kwenye injini. Zinapotelea kwenye kuiingiza ndani ya fremu isiyo yake.

Kwanza, nakala ya nini? Anayeota Honda za mashindano za silinda nne aache mapema. Norton Manx nayo inadanganya macho: ni silinda moja kweli, lakini kichwa chake kina kemshafti (shafti ya kufungulia valvu) mbili juu na ni kipana. Kichwa chembamba cha CG kikikaa chini ya tanki la Manx kinakuwa kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Inayofanana ni Matchless G50 iliyotoka 1958, au ndugu yake mkubwa AJS 7R ya 1948. G50 ina sentimita za ujazo 496, kipenyo cha silinda milimita 90 na mwendo wa pistoni 78. 7R ni ya 350. Zote zina silinda moja wima, fremu ya mabomba mawili yanayoshuka mbele na kupita chini ya injini, tanki refu, siti ya mtu mmoja yenye nundu nyuma, na vifuniko vya magneziamu vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Rangi hiyo ya dhahabu peke yake inafanya nusu ya kazi ya kumshawishi mtazamaji. Paka vifuniko vya pembeni vya CG kwa rangi ya kustahimili joto, acha mapezi ya silinda yabaki na rangi ya alumini.

Kuhamisha injini kutoka kwa mwenyewe na kuipa fremu ya mwingine si ujanja wa juzi. Geoff Duke alishinda mbio za Senior TT za 1950 katika kisiwa cha Isle of Man akiwa kwenye Norton yenye fremu ya Featherbed iliyobuniwa na Rex McCandless. Baadaye waendeshaji wa vigari vya mashindano vya 500cc walizitaka injini za Manx, wakanunua pikipiki nzima na kutoa injini tu. Fremu nzuri zikabaki bila moyo, vijana wakazitia injini za Triumph, na hapo likazaliwa jina Triton, Triumph na Norton kwa pamoja. Kwa hiyo ukiambiwa umeharibu pikipiki ya watu, una babu wa kumtaja.

Tuje kwenye boksi. Soma herufi zilizopigwa kwenye mwili wa injini, usisome karatasi iliyobandikwa nje. CG200 halisi huandikwa 163FML. Tarakimu ya 1 ni silinda moja, 63 inatokana na kipenyo, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na L ni daraja la 200. Ukikuta 162FMJ, hiyo ni 150 hata kama sitika inasema vingine. Vipimo vya 163FML ni kipenyo 63.5 na mwendo 62.2, sawa na sentimita za ujazo 197. Nguvu yake kwenye karatasi ni kama farasi 14. G50 ilikuwa na karibu 50, ndiyo maana tunasema nakala ni ya macho. Halafu Dodoma ipo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, na injini isiyo na tabo (pampu ya kusukuma hewa) hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Farasi mmoja na kitu ameshabaki Dar es Salaam.

Mitego miwili dukani. Wa kwanza ni injini ya pikipiki ya mizigo ya matairi matatu. Inaitwa 200 vilevile, lakini nyingi zina silinda yenye koti la maji, haina mapezi, na rejeta yake itaua sura yote ya mashindano. Wa pili ni balansa, yaani shafti yenye uzito inayozunguka ndani ya injini kupunguza mtikisiko. Kuna CG200 zenye shafti ya balansa na zisizo nayo, na muuzaji mara nyingi hajui. Uliza aagize yenye balansa hata kama utasubiri wiki mbili. Bila balansa, injini hii ikipita mizunguko 6,000 kwa dakika inatetemesha fremu hadi nati za ekzosi zinajifungua, na bamba za kushikia injini hupasuka pembeni mwa matundu.

Ndani ya boksi lililokamilika mnakuwa na injini, kabureta, CDI (kisanduku cha umeme kinachopanga cheche ya plagi), koili, rejuleta, pedeli ya gia na kiki. Hakuna oili. Imeandikwa, lakini watu wanapiga stata hivyo hivyo. Weka lita moja hivi ya 20W-50, kisha pima kwa kijiti pikipiki ikiwa wima. Kabla ya hapo fungua nati ya chini, toa chujio la waya na ulisafishe. Chembe za alumini kutoka kiwandani si jambo la kushangaza kwenye injini za bei hii. Ukiwa umefungua kifuniko cha roka, weka nafasi ya valvu 0.08 mm injini ikiwa baridi, zote mbili. Zikitoka kiwandani huwa zimebanwa mno, na valvu isiyofunga vizuri huungua mapema.

Sifa ambayo haionekani kwa macho ndiyo kubwa zaidi. Kemshafti ya CG iko chini, inazungushwa kwa gia, na valvu zinasukumwa kwa fito mbili zinazopanda upande wa silinda. Honda, waliobuni muundo wa CG, waliichagua njia hiyo katikati ya miaka ya 1970 wakiwalenga watumiaji wanaochelewa kubadili oili. Kwa mtengeneza nakala, faida ni kwamba hakuna tenshena ya kupiga kelele na hakuna cheni ya kuruka meno. Wanaosema injini za kemu ya juu zinakwenda mizunguko mingi zaidi wanasema kweli, lakini hawasemi nani atazitengeneza hapa Kizota cheni zake zikikatika.

Sasa fremu. Fremu ya mtindo wa CG, zile za Kichina za rimu 18, inapokea CG200 kwenye matundu yale yale ya 125 na 150. Ni rahisi, na ndiyo tatizo lake: ukimaliza una bodaboda yenye injini kubwa. Shingo yake iko juu na mgongo wake umepinda kufuata siti ya abiria. Fremu za Kihindi zina uti ulionyooka zaidi, mstari wa tanki unashuka vizuri, lakini matundu ya injini hayalingani hata moja. Ukichukua hii, tazama bomba la mbele linaishia wapi. Likiishia kwenye injini yenyewe, maana yake injini ya mwanzo ilikuwa sehemu ya fremu. Ukiitoa, fremu inafunguka kama mkasi. Hiyo lazima ijengewe mabomba mawili ya chini kabla ya kufikiria kitu kingine, na kwa nakala ya G50 mabomba mawili ndiyo unayoyataka hata hivyo. Usinunue fremu iliyogongwa mbele. Funga uzi kutoka katikati ya shingo hadi katikati ya ekseli ya nyuma: ukikwepa katikati ya uti kwa zaidi ya milimita 3, iache.

Mabomba ya kujengea yawe ya chuma cha fanicha nzito au ya mashine, kipenyo 25 mm, unene milimita 2. Bomba la maji la mabati halifai. Zinki yake inatoa moshi unaoumiza kifua cha mchomeleaji, na maungio yanajaa vitundu. Mwisho wa bomba ukatwe kwa mdomo wa samaki ili ukumbatie bomba lenzake, siyo kuziba mwanya kwa kurundika chuma. Unapounga bomba kwa bomba, weka kipande cha ndani chenye urefu wa sentimita 6, toboa matundu mawili pembeni na uyajaze kwa uchomeleaji.

Mpangilio wa kazi unaotakiwa ni huu, na anayeuvunja hurudia. Mstari wa cheni unatangulia kila kitu. Watu huanza na urefu wa injini kwa sababu ndiyo unaoonekana, wakimaliza wanakuta sproketi ya mbele iko milimita 8 nje ya ile ya nyuma. Funga gurudumu la nyuma katikati ya swingamu, weka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa sproketi ya nyuma, kisha sogeza injini kushoto au kulia mpaka rula iguse sproketi ya mbele. Kosa la milimita 1 linavumilika. Likifika 3, cheni inakula meno upande mmoja na ndani ya kilomita 2,000 unanunua seti nyingine. Injini ikitoka katikati ya fremu kwa milimita chache kwa ajili ya cheni, iache itoke, hakuna atakayeona.

Pili ni kimo. Juu ya kifuniko cha roka bakiza angalau sentimita 4 hadi kwenye uti wa fremu. Silinda ya 200 ni ndefu kuliko ya 125, na fundi akiibana chini ya tanki ili ipendeze, kila marekebisho ya valvu yatakuwa ni kushusha injini. Chini, bakiza sentimita 13 au zaidi kutoka ardhini. Barabara ya Iringa ni lami safi, lakini matuta ya kuingia mitaa ya Chang'ombe na Nkuhungu hayajali historia ya mashindano. Tatu ni gurudumu la mbele: toa springi za foku, bonyeza mpaka mwisho, hakikisha tairi halifiki kwenye mabomba mapya wala kwenye ekzosi.

Kwa kupima tumia mwili mtupu wa injini mbovu ya CG, ile wanayokuuzia kwa kilo. Injini nzima ina karibu kilo 30, kuipandisha na kuishusha mara ishirini kunachosha na mnaikwaruza. Kata kiolezo cha kadibodi, kihamishie kwenye plaiwudi ya milimita 3, na bamba la chuma la milimita 6 likatwe baada ya plaiwudi kukubali tu. Mbele bamba mbili, nyuma juu na nyuma chini, na moja ndogo kutoka kichwani kwenda kwenye uti. Hiyo ya kichwani wengi huiruka, na ndiyo inayozuia mtikisiko kwa kiasi kikubwa. Bolti ziwe za daraja 8.8, matundu yakerezwe yabane, siyo kupanuliwa kwa grenda. Tundu lililolegea kwa nusu milimita linakuwa yai ndani ya mwezi.

Kuchomelea: fimbo za 2.5 mm, ampea 70 hadi 90 kwa chuma cha milimita 2, au mashine ya waya wa 0.8 kama fundi anayo. Bandika vidoti kwanza pande zote, funga injini, pima mstari wa cheni tena, ndipo uchomelee kikamilifu kwa kupishana kushoto na kulia. Wakati wa kuchomelea kamili injini nzima isiwepo, betri na CDI zitolewe, na klempu ya ardhi ishike karibu na mshono. Mkondo ukipita kwenye beringi za krenki unaacha alama ambazo utazisikia baadaye zikiimba. Na mshono mzuri usisagwe uwe laini kwa ajili ya rangi. Ukisaga umeondoa chuma ulichokilipia.

Kabureta inayokuja mara nyingi ni ya aina ya PZ30. Hapa Dodoma mambo mawili yanavutana: mwinuko unataka jeti ndogo zaidi, huku filta ya wazi na ekzosi isiyozuia vinataka kubwa zaidi. Kwa kawaida unaishia namba moja au mbili juu ya ile ya kiwandani. Endesha kwa gia ya nne mkono wa mafuta ukiwa umevutwa hadi mwisho kwa kilomita mbili, zima injini ukiwa umekamata klachi, toa plagi ya D8EA uitazame. Rangi ya chai ya maziwa ni sawa. Nyeupe maana yake pistoni inaomba msaada. Zile tarumbeta za wazi za kabureta zinapendeza kwenye picha, lakini upepo wa Juni hadi Septemba unabeba mchanga mwembamba unaoingia kila mahali. Bila filta ya sponji yenye oili ringi hazimalizi msimu.

Ekzosi inatoka mbele katikati, wakati ya G50 inapinda kulia. Bomba la ndani la milimita 30 hadi 32 lipindishwe mara moja, lipite chini upande wa kulia, kisha koni inayopanuka. Koni bila kizuia sauti ndani inapunguza nguvu katika mizunguko ya chini na itakukutanisha na trafiki kabla hujafika mzunguko wa pili wa barabara.

Vitu vya kukanyagia vikirudishwa nyuma sentimita 20 hadi 25 huzaa matatizo ambayo hayamo kwenye michoro ya mtandaoni. Kiki ya CG iko kulia, na pedeli mpya ya kulia inakaa njiani. Tengeneza ya kukunja au tegemea stata tu. Kushoto, ukigeuza mkono wa gia utazame nyuma, mpangilio wa gia nao unageuka: ulikozoea kukanyaga sasa unanyanyua. Kiungo cha fito kinachogeuza upande kinarekebisha hilo. Na mkono wa pedeli ya breki ya nyuma ukifupishwa, nguvu inayofika kwenye breki hupungua. Mkono wa pedeli uwe na uwiano wa 4 kwa 1 au zaidi. Tukiwa kwenye breki, ngoma ndogo ya bodaboda ya 130 mm ndiyo udhaifu mkubwa wa mradi wote. Inatosha kusimamisha nakala nyepesi mjini. Kwenye miteremko ya Nyang'oro, njia ya Iringa, inapata joto na kulegea.

Waya ni kazi ya nusu siku kama CDI ni ile iliyokuja na boksi. Usijaribu kutumia CDI ya fremu ya zamani. Kuna za mkondo wa moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuna zinazolishwa na koili ya ndani ya injini, soketi zinaweza kuingiana, na cheche haitoki au CDI inakufa.

Sproketi: usianze na zile za mzigo, wala usiruke hadi za mwendo mkubwa. Ukitoka 15 mbele na 42 nyuma kwenda 17 na 38, mizunguko hupungua kwa karibu asilimia 20 kwa mwendo ule ule, na injini itashindwa kufikia gia ya tano dhidi ya upepo wa Bahi. Anza na 16 na 40. Rimu za G50 zilikuwa inchi 19. Za bodaboda zenye spoki za 18 na tairi la 3.00 zinakaribia kwa macho, za 17 hapana.

Kwenye kadi ya pikipiki kuna namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadili injini, nenda TRA na risiti ya duka kabla ya kupaka rangi, na usisage wala kufunika namba ya shingoni unaposafisha fremu. Taa, honi na vioo vibaki kwenye vishikio vya kufunga na kufungua, kwa sababu G50 haikuwa navyo na barabara ya Dodoma inavidai.

Injini yenyewe, kwa mizani ya mradi huu: nane kwa kumi. Inapoteza moja kwa ubora unaobadilika kutoka boksi hadi boksi, na moja kwa mtikisiko. Badili oili baada ya kilomita 50, tena 300, tena 1,000. Kwenye kilomita 500 kaza bolti zote za bamba na uzimulike kwa tochi. Rangi ikionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye pembe ya bamba, usiipake tena, toa bamba hilo ulichonge upya lenye pembe za mviringo.